Kutoka Kikwanguo hadi Kopo: Kumbukumbu ya Kusafisha Injini za Magari Yaliyotumika

Katika gereji za Dar es Salaam, kuanzia zile za Gerezani hadi zilizo chini ya miembe pembezoni mwa barabara, kimiminika cha kopo kinachotiwa kwenye tangi la petroli au ndani ya injini kwa nia ya kuondoa uchafu huitwa dawa, na jina hilo limechangia sana namna kinavyotumiwa. Dawa hununuliwa kwa ajili ya anayeumwa, hunywewa kwa imani, na mara nyingi mitaani hununuliwa dukani kabla mgonjwa hajapimwa. Ndivyo ilivyotokea kwa injini. Kazi ya kuisafisha, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa kazi ya kufungua, kutazama na kukwangua, imegeuka katika kipindi cha takriban miaka 40 kuwa kazi ya kumimina na kusubiri, na mageuzi hayo yameleta nafuu ya kweli katika sehemu moja ya injini na hasara ya kweli katika sehemu nyingine.

Injini zilizotawala barabara za Afrika Mashariki hadi miaka ya 1970, za Volkswagen, Peugeot 404, Datsun na Land Rover, zilipata petroli kupitia kabureta, yaani kifaa kinachotumia mvuto wa hewa iingiayo kwenye injini kunyonya petroli kupitia vitundu vidogo na kuichanganya na hewa hiyo. Kipimo cha kabureta hakikuwa makini, na petroli ambayo haikuungua yote iliacha masizi, yaani kaboni nyeusi iliyoganda, juu ya pistoni, kwenye valvu na kwenye paa la silinda. Petroli yenyewe ilitiwa kampaundi ya madini ya risasi, ambayo uwezo wake wa kuzuia injini kugonga uligunduliwa mwaka 1921 na Thomas Midgley na wenzake katika maabara ya General Motors nchini Marekani, na risasi hiyo nayo iliacha majivu yake kwenye plagi, ambazo zilipaswa kuchomolewa na kusuguliwa kwa brashi ya waya kila baada ya muda mfupi.

Tiba iliyoaminika wakati huo ilikuwa moja, nayo ni kufungua. Fundi alilegeza boliti za silinda hedi, yaani kipande cha juu cha injini kinachobeba valvu, akakiinua, akayakwangua masizi kwa bapa la chuma, akasaga valvu moja baada ya nyingine mpaka zikae sawasawa kwenye viti vyake, kisha akafunga kila kitu kwa mpangilio uleule. Kazi hiyo ilichukua siku nzima au zaidi, na katika miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika nchini Tanzania na spea zikawa bidhaa za kutafutwa kwa kujuana, gasketi ya hedi ilibanduliwa kwa uangalifu mkubwa kwa kuwa huenda ingelazimika kurudi palepale. Ilikuwa kazi ngumu, lakini ilikuwa na sifa ambayo haijapata mbadala hadi leo: mwenye gari na fundi wake waliona kwa macho yao hali ya injini, wakajua silinda ipi imechimbika, valvu ipi imeungua na ipi ingali nzima.

Upande wa oili nao ulikuwa na desturi yake. Oili ya zamani ilipokuwa nzito na nyeusi kama lami, mafundi wengi waliitia dizeli kidogo au mafuta ya taa, wakaiwasha injini kwa dakika chache bila kuliendesha gari, wakaimwaga kwenye karai na kuchunguza kilichotoka. Fundi makini hakuishia hapo, bali alishusha sampu, yaani bakuli la chuma lililo chini ya injini linalohifadhi oili, akachota tope lililobaki na kuosha chujio la pampu. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyofanya kuosha kuwe salama, na ndiyo iliyokuja kusahaulika mapema kuliko zote.

Kulegezwa kwa masharti ya biashara kuanzia mwaka 1984, na zaidi katika miaka ya utawala wa Rais Ali Hassan Mwinyi ulioanza mwaka 1985, kulifungua njia kwa magari yaliyotumika kutoka Japani, nchi ambayo, kama zilivyo Tanzania, Kenya na Uganda, huendesha upande wa kushoto na kuweka usukani upande wa kulia. Gari lililofika bandarini lilionekana jipya. Viti vilikuwa safi, rangi iling'aa, na injini iliitikia kwa mguso mmoja wa ufunguo. Kilichokosekana ni historia yake. Katika magari mengi ya Japani, historia hiyo huandikwa kwenye stika ndogo inayobandikwa kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti, ikionyesha tarehe na kilomita za mara ya mwisho oili ilipobadilishwa, lakini huandikwa kwa Kijapani, na mara nyingi mwaka wake huhesabiwa kwa enzi ya mfalme, hivi kwamba namba 20 ya enzi ya Heisei ni mwaka 2008, na 5 ya enzi ya Reiwa ni mwaka 2023. Wanunuzi wengi wameibandua stika hiyo na kuitupa kama takataka, ilhali ndiyo iliyokuwa cheti pekee cha afya ya injini waliyoinunua.

Magari hayo yalileta pia badiliko la kiufundi. Kabureta ilipisha nozeli, yaani valvu ndogo ya umeme inayonyunyiza petroli kwa ukungu mwembamba kwa amri ya kompyuta ya gari. Tundu la nozeli ni dogo mno, na utandu kidogo tu wa uchafu hubadilisha ukungu kuwa michirizi, na hapo ndipo gari huanza kumisi, kutetemeka likiwa sailensa, yaani injini ikiunguruma gari likiwa limesimama, na kula mafuta. Kwa tatizo la namna hii kikwanguo hakikuwa na kazi, na kopo likapata nafasi yake ya haki.

Dawa bora za tangini hutegemea kemikali iitwayo polietaamini, ambayo molekuli yake ina ncha moja yenye nitrojeni inayong'ang'ania uchafu na mkia mrefu unaopenda petroli, hivyo mkia huuvuta uchafu kidogo kidogo na kuupeleka ukaungue na mafuta. Sifa yake kubwa ni kustahimili joto, kiasi kwamba husafisha hata ndani ya silinda. Kemikali za aina hii si uzushi wa wauza makopo, kwa kuwa Marekani ilianza mwaka 1995 kulazimisha petroli yote iwe na kisafishaji, na mwaka 2004 BMW, General Motors, Honda na Toyota ziliweka kwa pamoja kiwango cha juu zaidi kiitwacho Top Tier. Aliyetia kopo zuri kwenye tangi karibu tupu, akajaza petroli safi na kwenda safari ndefu, alipata mara nyingi alichokilipia.

Petroli safi, hata hivyo, haikuwa jambo la uhakika. Risasi iliondolewa katika petroli ya nchi za kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, kufuatia azimio lililopitishwa Dakar mwaka 2001, na hilo lilikuwa jambo jema kwa damu za watoto kabla ya kuwa jema kwa plagi. Uchafu mwingine ulibaki. Mafuta ya taa, yaliyotozwa kodi ndogo kwa sababu ndiyo nishati ya maskini, yalichanganywa na petroli na dizeli kwa faida ya wachache, na neno kuchakachua likaenea kwa kasi hadi likatumika katika siasa za uchaguzi wa Tanzania wa mwaka 2010. Mwaka huohuo EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Tanzania, ilianza kutia vinasaba katika mafuta, yaani alama ya kikemia inayofichua mchanganyiko haramu, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuondoa tamaa hiyo; Kenya nayo iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 kwa lengo lilelile. Katika miaka hiyo makopo yalinunuliwa kama kinga, ingawa kopo la kusafishia haliwezi kuirudishia petroli iliyochakachuliwa uwezo wake wa kuzuia injini kugonga.

Jambo ni tofauti kabisa kwa kopo la pili, lile linalomiminwa kwenye oili dakika chache kabla ya kuimwaga. Sehemu kubwa ya vilivyomo ni mafuta mepesi ya jamii ya mafuta ya taa, yakiongezewa visafishaji, na kwa maana hiyo desturi ya mafundi wa zamani imerudi ikiwa na lebo ya rangi na bei ya juu, lakini bila kushushwa kwa sampu. Hapo ndipo hatari ilipo. Injini iliyokaa muda mrefu bila kubadilishiwa oili huwa na tope, yaani oili iliyoungana na masizi na unyevu ikawa kama grisi nyeusi, na tope hilo halitulii mahali pamoja. Dawa kali huling'oa kwa mapande, mapande huteremka hadi kwenye chujio la pampu na kuliziba, presha ya oili hushuka, na beringi zinazoshikilia krankshafti, yaani mhimili mkuu wa injini unaozunguka juu ya utando mwembamba wa oili pekee, husagika. Injini zenye VVT-i, mfumo unaotumia presha ya oili kubadilisha wakati wa valvu kufunguka, zina pia chujio dogo na njia nyembamba ambazo kipande kidogo tu kinatosha kuziziba. Sili zilizochoka, ambazo tope hilohilo lilikuwa likizisaidia kuzuia oili, huanza kuvuja. Gari lililoingia gereji likiwa zima hutoka likigonga, na lawama hupewa oili mpya.

Dawa ya tangini nayo ina mpaka wake. Mwaka 1996 Mitsubishi, kwa mfumo wa GDI, na Toyota, kwa mfumo wa D-4, zilianza kuuza magari yanayonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na magari hayo yakaanza kufika Afrika Mashariki yalipozeeka. Katika mifumo ya kabla yake, petroli ilipita juu ya mgongo wa valvu za kuingizia hewa na kuziosha, lakini katika hii mipya haizigusi, hivyo masizi hujikusanya hapo, na dawa yoyote inayotiwa tangini, hata iwe bora kiasi gani, haiwezi kuyafikia. Toyota yenyewe ilileta baadaye mfumo wa D-4S wenye nozeli za aina zote mbili. Kwa gari lenye nozeli za ndani pekee, njia ya uhakika ni kuvua manifoldi, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda, na kuyaondoa masizi kwa mkono au kwa kupuliza maganda ya jozi yaliyosagwa, kazi inayomrudisha fundi wa leo kwenye kikwanguo cha mwalimu wake.

Kwa mnunuzi wa gari lililotumika, oili sahihi inayobadilishwa mapema ni bora kuliko kopo la kuoshea. Oili za sasa zina visafishaji vyake vyenyewe. Herufi za API, taasisi ya sekta ya petroli ya Marekani, huonyesha kiwango hicho kwenye galoni, ambapo SF ni ya injini za mwaka 1988 na za nyuma, SN ilitoka mwaka 2010 na SP mwaka 2020. Injini yenye tope ikitiwa oili nzuri na kubadilishiwa pamoja na filta kila baada ya kilomita 2,000 kwa mizunguko mitatu au minne, husafika taratibu bila mapande kung'oka.

Msomaji mwenye gari la namna hiyo anaombwa, kabla hajalipia dawa yoyote ya oili, aizime injini na kuiacha ipoe, afungue kifuniko cha kutilia oili na kumulika tochi ndani. Akiona chuma chenye rangi ya asali, dawa hiyo haihitajiki, na akiona tope jeusi, basi sampu ishushwe kwanza.