Makosa 11 ya mama

Mwezi uliopita nilichukua likizo nikaenda nyumbani Kisondela. Kwa msiopajua, ni huko Rungwe: unashuka Tukuyu, unatafuta bodaboda, na unaomba mvua isiwe imenyesha, ombi ambalo kule halijibiwi mara nyingi. Mama anafundisha darasa la kwanza huko. Nilikuwa na wazo la makala kuhusu KKK, nikamwomba nikae darasani kwake asubuhi moja.

Nikakaa nyuma na daftari langu. Watoto 84, mwalimu mmoja. Jioni tukiwa jikoni tunamenya ndizi, nikamsomea nilichoandika. Jamani, mimi na digrii yangu! Nilikuwa nimehesabu makosa 11. Maandishi ya ubaoni madogo. Silabi zinaimbwa kwa pamoja, hujui nani anasoma na nani anafuata mdomo wa mwenzake. Wanaoulizwa ni wa mbele tu. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndaga, mwanangu," akaendelea kumenya. Kesho yake akaniambia nisije, kuna mtihani. Hakukuwa na mtihani.

Usiku nikakumbuka Bukoba. Februari 2009 mkuu wa wilaya kule aliamuru polisi wawachape viboko walimu 19 wa shule za msingi kwa sababu wanafunzi walifanya vibaya. Rais Kikwete alimfukuza kazi. Nilikuwa darasa la nne, na nakumbuka mama alizima redio kabla habari haijaisha. Sasa mimi sikushika kiboko, lakini kalamu yangu ilitafuta nini darasani mwake?

Siku ya tatu akaanza kuongea mwenyewe. Akanisimulia kuhusu mratibu elimu kata wa zamani (siku hizi wanaitwa maafisa elimu kata), aliyekuwa akifika anadai andalio la somo na azimio la kazi, anaandika mistari mitatu kwa kalamu nyekundu, anaondoka. Mwingine alikuwa mpole, kila mara anaandika "kazi nzuri". Mama anasema huyo naye hakumsaidia chochote. Nzuri ipi?

Halafu akaja wa tatu. Alikaa kipindi kizima, kisha akamwambia: "Mwalimu, yule mtoto wa dirishani alipokosea 'ba' hukumwambia akae chini. Ulimrudisha kwenye b, ukasubiri, akapata. Baada ya pale wenzake watatu walinyoosha mikono." Mama amefundisha miaka 22 na hakujua kwamba anafanya hivyo. Tangu siku ile anasubiri kwa makusudi. Ndipo yule afisa akauliza, wa nyuma tunawafikiaje? Mama akabuni zamu: leo wanaulizwa wa mbele, kesho wa katikati, keshokutwa wa nyuma.

"Siku uliyokuja," akaniambia, "ilikuwa zamu ya mbele."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwandishi wa habari mzima, nimeandika kosa bila kuuliza swali hata moja!

Najua wapo watakaosema huku ni kuwadekeza walimu. Lakini siku hizi kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ambamo walimu wanakutana shuleni kwao na kujadili ufundishaji wao, na sioni mwalimu gani atamfungulia mwenzake mlango wa darasa kama anajua atasomewa orodha ya makosa. Wangu alinifungia mimi, mtoto aliyemzaa. (Kuhusu ubao nilikuwa sahihi, ila nani angenisikiliza?)

Siku ya mwisho nikaomba tena kuingia. Akanitazama kidogo, akasema haya. Ilikuwa zamu ya nyuma. Kipindi kilipoisha nikampa karatasi yenye mstari mmoja, kuhusu binti aliyekwama kwenye neno "baba" na jinsi alivyomfunikia silabi ya pili kwa kidole mpaka akasoma ya kwanza. Akausoma mara mbili, akaichomeka karatasi ndani ya andalio la somo.

"Na kingine?"

"Nina swali moja tu, mama. La ubaoni."

Akacheka. "Uliza."