JIVU SI JIVU TU

Ukipita Kawangware siku hizi utaona ghorofa zikichipuka kama uyoga. Mawe yake mengi ya kijivu, kama yale baba yangu anayochonga kwa nyundo na tindo, ni jivu la volkano. Naam, jivu lililoshindiliana zamani za kale hata likawa jiwe. Nilipomwambia baba alicheka akasema, "Jivu ni jivu tu, hata la jikoni."

Lakini sivyo. Volkano ikilipuka, mwamba ulioyeyuka hurushwa hewani ukapoa ghafla mno, na kinachoanguka ni punje za kioo, nyingine ndogo kuliko chumvi. Kila mlipuko una mapishi yake: chuma kiasi hiki, titani kiasi kile, kalisi kidogo. Ni kama chai ya vibanda vya Kibera. Kwa macho vikombe vyote ni sawa, lakini ukionja unajua hii ni ya mama yule wa karibu na reli. Wanasayansi wao huonja kwa mashine: hupiga punje kwa miale ya elektroni, nayo hutoa eksirei zinazotaja kila elementi iliyomo. Mapishi yakilingana mahali pawili, basi hilo ni jivu la mlipuko mmoja. Jivu moja la Turkana, Tulu Bor, limepatikana hata Hadar kule Ethiopia na chini ya bahari katika Ghuba ya Aden! Tabu ni kwamba kioo kikikaa sana majini hugeuka udongo, na hapo hakuna cha kuonja.

Hapa kwetu Kenya jambo hili lilizua kesi kubwa. Mwaka 1972 huko Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu la kale, lile liitwalo 1470. Lilitoka chini ya tabaka la jivu liitwalo KBS, ambalo wapimaji wa Uingereza walikuwa wamelipa umri wa miaka milioni 2.6. Kwa hiyo fuvu likahesabiwa kuwa kongwe zaidi ya hapo. Kumbe nguruwe walikataa! Mifupa ya nguruwe wa chini ya KBS ilifanana na ile ya bonde la Omo, Ethiopia, ya miaka milioni 2 hivi. Watu wazima wenye shahada zao wakabishana miaka na mikaka. Mwaka 1979 Thure Cerling, Frank Brown na wenzao wakachapisha kwamba KBS inalingana na jivu la Omo liitwalo H2. Vipimo vipya vikatoa miaka milioni 1.88 hivi. Vile vya kwanza vilikuwa vimechanganya punje kongwe zilizosombwa na maji pamoja na jivu.

Tulipokuwa tukichagua masomo mwisho wa kidato cha pili, shangazi yangu wa Kibera aliniuliza, "Mwanangu, Kemia ya nini? Nani atakuajiri upime jivu?" Swali lake si la kipuuzi, maana maabara yetu ina meza nne tu na karo ni ya kudunduliza. Lakini nilimwambia kwamba fuvu lile liliokotwa na Mkenya, na umri wake tukangoja kuambiwa na wageni, tena mara mbili. Shangazi alinyamaza, akaendelea kuchambua sukuma wiki.

Fomu niliirudisha siku iliyofuata: Kemia, Fizikia, Jiografia.