Kwenda mwezini, kufika Kerege

Kuna msemo unaotajwa sana kuwa ni wa Mwalimu Nyerere, kwamba wakati wakubwa wa dunia wanahangaika kwenda mwezini, sisi bado tunahangaika kufika vijijini. Nimeusikia tangu shule ya msingi. Nimeutumia mwenyewe kwenye midahalo, tena ukiutoa tu ukumbi mzima unapiga makofi. Leo nakiri kwamba siuelewi tena kama nilivyouelewa zamani. Aliyenibadilisha si profesa wala mwanasayansi. Ni mjomba wangu wa Kerege.

Kwa wasiopajua, ukipanda basi la Bagamoyo unapita Tegeta, Bunju, Mapinga, halafu Kerege. Ukisinzia kidogo umepitiliza. Mjomba anaishi hapo katikati ya mikorosho aliyoachiwa na baba yake, ila riziki yake iko baharini, upande wa Mlingotini, ambako yeye na wenzake wawili wana ngalawa moja.

Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024 nilikuwa kazini, chumba cha habari kimechangamka. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa onyo kuhusu kimbunga Hidaya. Kwenye kompyuta kulikuwa na picha yake: wingu jeupe limejisokota juu ya Bahari ya Hindi, linakuja kwetu. Wenzangu walikuwa wanagombea kichwa cha habari. Mimi nikamkumbuka mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Kwema?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mbona huku shwari? Nani kakiona hicho kimbunga?"

"Kimeonekana kutoka juu, mjomba. Setilaiti."

"Ya kwetu?"

Jamani, miaka yote ya uandishi sijawahi kuulizwa swali fupi hivyo likaniumbua hivyo. Nikamwambia hapana, ni ya Wazungu. Akacheka. "Haya. Leo Mzungu ananichungia ngalawa."

Hakutoka. Tena alifanya zaidi ya hapo. Alikwenda pwani akawakuta vijana wawili wa jirani wanapakia nyavu, hawana habari. Simu ya mmoja haina chaji, ya mwingine haina salio. Alibishana nao mpaka wakavuta chombo chao juu. Jumamosi upepo na mvua vikaja, boti za Dar na Zanzibar zikasimamishwa. Bahati nzuri kimbunga chenyewe kilipungua nguvu kilipokaribia pwani, na makali yake yakaelekea zaidi Mafia na kusini. Ingekuwaje kama wale vijana wangekuwa majini usiku ule? Sitaki hata kufikiria.

Picha za namna ile, ambazo watabiri wetu wanazitegemea, hutoka kwenye setilaiti za Meteosat, zinazomilikiwa na nchi za Ulaya kupitia shirika lao la EUMETSAT. Mwaka 2022 Meteosat-9 ilisogezwa iangalie upande wa Bahari ya Hindi. Zinalipiwa na serikali za huko, yaani na kodi ya fundi bomba wa Ujerumani na mwalimu wa Ureno. Hao ndio waliomlinda mjomba wangu bila kumjua.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Kerege kumwona. Jioni tukakaa kijiweni, nikawa namwaga sera kwamba Tanzania nayo iwekeze angani. Kijana mmoja wa bodaboda akanikata kauli: "Kaka, mimi nabeba mama mjamzito kwenye pikipiki hii hii kumpeleka hospitali. Halafu nyie mnataka roketi?"

Kijiwe kizima kikamuunga mkono. Sikuwa na jibu la haraka, na nadhani anayemjibu haraka kijana yule hajamsikiliza. Shilingi ni moja. Ikienda angani haiendi kwenye gari la wagonjwa.

Aliyeniokoa ni mjomba. Akasema baba yake alikuwa anakwenda Unguja kwa dau, akarudi na hadithi kwamba kuna Wamarekani wana mitambo Tunguu ya kuzungumza na mtu aliye angani. Watu hawakumwamini. Kumbe mzee alisema kweli! Kituo cha Tunguu kilikuwa cha NASA, cha kufuatilia safari za Mercury. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Zanzibar ilikuwa moja ya sehemu alizowasiliana nazo. Wapo Wazanzibari waliokipinga, wakihofia ni kituo cha makombora. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ikawataka Wamarekani wakiondoe, na kufikia Aprili mwaka ule kikawa kimefungwa. Kazi yake ikahamia Madagaska.

Majirani zetu nao wana hadithi yao. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Wakaiita Uhuru, kuwashukuru Wakenya kwa ukarimu. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Sisi pwani hii tulitoa ardhi, bahari na hata jina. Lakini setilaiti ya kwanza ya Kenya ya kuchunguza ardhi, Taifa-1, ilirushwa Aprili 2023 kutoka California, kwa roketi ya kukodi. Iligharimu kama shilingi milioni 50 za Kenya.

Mwaka huo huo wa 2023 serikali yetu nayo ilitangaza nia ya kuwa na setilaiti. Mnategemea nishangilie? Nusu yangu inashangilia. Wamarekani waliporusha TIROS-1, setilaiti ya kwanza kufanikiwa kupiga picha za hali ya hewa, Aprili 1960, roketi zilikuwa bado mashindano ya ubabe kati yao na Warusi. Faida ya mvuvi wa Mlingotini ilitoka humo humo. Anayesubiri mpaka umaskini uishe ndipo aanze kutazama juu, atatazamiwa na wengine milele, na siku wakizima mitambo yao hana wa kumlaumu.

Lakini nusu yangu nyingine imekaa na yule kijana wa bodaboda. Hebu tupige hesabu. Picha ya kimbunga ilisafiri kama kilomita 36,000 kutoka kwenye setilaiti mpaka duniani, ikafika Dar salama. Onyo likakwama kwenye kilomita zisizofika sitini, kati ya Dar na vijana wawili wenye simu isiyo na chaji. Likavushwa na mzee anayetembea kwa miguu, kwa sababu tu mpwa wake ni mwandishi wa habari.

Kwa hiyo, kama mngeniuliza mimi pesa ya umma ya anga ianzie wapi, ningesema ianzie hapo. Wasomeshwe vijana wa kuzisoma picha hizi kila wilaya ya pwani. Kila pwani ya wavuvi iwe na kipaza sauti, bendera, na mtu anayelipwa kuipandisha. Baada ya hapo turushe setilaiti yetu, maana itakuwa na wa kumwambia. Tukianza na setilaiti tutakuwa na bendera angani, na Mlingotini bado hawana habari.

Mwalimu alisema tunahangaika kufika kijijini. Nadhani bado tunahangaika, ila siku hizi njia mojawapo inapita huko juu.

Mjomba bado hunipigia kabla ya kwenda baharini. Anauliza, "Wale Wazungu wako wanasemaje leo?" Namjibu. Swali lake lile la kwanza sijalijibu.