Ndizi za Asubuhi Huko Santo Domingo

Leo twendeni mbali, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, mpaka kisiwa cha Hispaniola. Upande wa magharibi ni nchi ya Haiti. Mashariki ni Jamhuri ya Dominika, na mji wake mkuu ni Santo Domingo. Wenyeji husema Kihispania, na wengi wao ni Wakatoliki.

Asubuhi, katika nyumba nyingi, utasikia harufu ya vitunguu vikikaangwa. Wanapika mangú. Mama humenya ndizi mbichi, ndefu kama zile za mkono wa tembo, akazichemsha kwa maji na chumvi mpaka zilainike. Maji yale hayamwagi yote. Huziponda zingali moto, akitia siagi na maji hayo kidogo kidogo, zisije zikakauka na kuwa ngumu. Juu hutandaza vitunguu vyekundu vilivyokaangwa kwa mafuta na siki. Mwenye uwezo huongeza mayai, jibini na salami, vyote vya kukaanga. Vitu hivyo vitatu wenyewe huviita "mapigo matatu".

Je, ndizi zilifikaje huko? Oviedo, Mhispania aliyeishi kisiwani humo, aliandika ya kuwa zililetwa na mtawa wa Shirika la Mtakatifu Dominiko, Padre Tomás de Berlanga, kutoka Visiwa vya Kanari mwaka 1516.

Basi mche uliletwa na mtawa. Lakini kuponda je? Miaka ile ile Waafrika walikuwa wakiletwa kwa minyororo kulima mashamba ya miwa. Watu hao walizoea kwao kuchemsha chakula na kukiponda, wakafanya vivyo hivyo kwa ndizi za ugenini. Hata leo, katika kisiwa jirani cha Cuba, ndizi za kupondwa huitwa fufú, jina linalojulikana sana Afrika Magharibi.

Watu wale walinyang'anywa nchi, majina, na hata lugha zao. Desturi ya jikoni haikunyang'anyika, kwa maana mama alimfundisha binti yake. Ndiyo maana wazee husema: Jasiri haachi asili. Na leo chakula hicho huliwa na tajiri na maskini, wala hakuna anayekionea haya.

Nasi tusidharau vyakula vya bibi zetu. Enyi akina mama, binti akija jikoni msimfukuze. Mpeni mwiko, aponde naye.