Kikao Bila Mwalimu Mkuu

Kabla ya kuitwa mwezeshaji nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na Januari 2016 nilikuwa darasani. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulikuwa umefuta michango ya wazazi, watoto wakamiminika. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Darasa langu lilikwishakipita kiwango hicho kabla kengele ya kwanza haijagongwa. Sauti ilinikauka mwezi ule, na hakuna aliyeniuliza zaidi ya azimio la kazi.

Baadaye nikaanza kuendesha mafunzo ya walimu wenzangu kwenye vituo vya walimu. Mwongozo niliokabidhiwa ulifungua mada ya afya ya akili kwa mazoezi ya kupumua. Sina ugomvi nayo, yanatuliza. Ila mwalimu anayedaiwa akishamaliza kupumua, deni liko palepale.

Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu: walimu wakuu chumba kingine, na saa ya kwanza hakuna bango kitita wala kalamu. Kinachoandikwa huishia kwenye ripoti, na walimu wanalijua hilo kuliko mimi. Kisha nauliza: mshahara ukiingia, unakufikia?

Mwalimu mmoja wa hisabati alinijibu akicheka, "Madamu, kadi yangu ya benki haijalala nyumbani tangu Krismasi." Wote wakacheka, halafu mmoja baada ya mwingine wakaanza kueleza zao. Ndiyo mikopo ya kausha damu: mkopeshaji anashika kadi na namba ya siri, siku ya mshahara anajilipa mwenyewe kwanza. Utaratibu wa makato unataka mtumishi abakiwe na theluthi moja ya mshahara wa msingi. Aliyeshika kadi hajali theluthi, kwa kuwa makato yake hayapiti kwa mwajiri.

Hapo ndipo mafunzo yalipoanza hasa. Nilimleta mhasibu mstaafu wa SACCOS, tukasoma hati za mishahara mstari kwa mstari, tukapiga hesabu ya riba kwa chaki. Mwalimu wa hisabati ndiye aliyeshika chaki.

Mengine hayakuhitaji mtaalamu. Mwalimu akienda likizo ya uzazi, darasa lake lilikuwa likitupiwa jirani yake bila maneno. Tulikubaliana ligawanywe mbele ya kikao. Uhamisho wa kumfuata mwenza sikuugusa. Uamuzi wake hauko kituoni. Walimu wakuu nao, nilipowafuata chumbani kwao, waliongea hadi chakula kikapoa. Juu wanabanwa na halmashauri, chini wanalaumiwa na walimu.

Mfadhili wa mafunzo alitaka idadi ya waliofikiwa, wanaume na wanawake. Nilimpa. Hakuuliza kadi ngapi zimerudi kwa wenyewe, na hata angeuliza nisingemjibu, kwani hilo tuliahidiana lisitoke chumbani.