Mtoto, Farasi na Mapipa Matatu (Sehemu ya 3)

Wengi mmeniuliza inbox: "Hivi wewe nesi, unamruhusuje binti yako kukimbia na farasi?" Leo najibu.

Kwa uliyejiunga leo: tunaishi Texas, na huku mbio za mapipa ziko kila mtaa kama mpira kwetu nyumbani. Mapipa matatu yanapangwa pembetatu. Farasi anaingia mbio, anazunguka moja baada ya jingine, anatoka mbio. Kwenye uwanja wa vipimo kamili, walio bora humaliza kwa sekunde 17 hivi. Ukiangusha pipa, unaongezewa sekunde 5.

Watu wanaona hizo sekunde tu. Kazi yenyewe ni miezi na miezi. Farasi hafundishwi mbio kwanza, anafundishwa kutembea. Anazunguka mapipa kwa hatua, akitulia anaenda mchakamchaka, mbio baadaye kabisa. Lazima ajue kupunguza mwendo kabla ya kona. Na mpandaji atazame anakokwenda, sio pipa. Ukilikodolea pipa, utaligonga.

Binti yangu anapenda kisa cha Charmayne James na farasi wake Scamper, mabingwa wa dunia mara 10 mfululizo, 1984 hadi 1993. Mwaka 1985 kule Las Vegas, lijamu lilimtoka Scamper katikati ya mbio. Akazunguka mapipa yote, wakashinda raundi ile! Farasi alikuwa anaijua kazi yake.

Kitu kingine nilichopenda: farasi akianza kurusha kichwa au kugoma kuingia uwanjani, mwalimu mzuri hamchapi. Anakagua meno, mgongo, kwato. Yaani kama sisi wodini: mtoto akilia hatumwiti mkorofi, tunatafuta panapouma.

Baba watoto alikataa katakata. Tukakubaliana kwa masharti:

1. Helmeti ya kupandia farasi, sio ya baiskeli, sio kofia ya kikauboi. Kila siku, hata kwa matembezi. Ikipata kishindo, inabadilishwa.
2. Viatu vyenye kisigino, mguu usinase kwenye kikuku cha tandiko.
3. Farasi mtu mzima aliyezoea kazi. Mtoto anayejifunza juu ya farasi anayejifunza, hapana.
4. Akigonga kichwa, hapandi tena mpaka daktari aruhusu.

Sharti la 4 ndilo lilitupima. Alianguka pipa la pili, wiki moja kabla ya mashindano aliyoyasubiri mwaka mzima. Akasimama, akajipangusa, watu wakapiga makofi: "Panda tena!" Kichwa kilikuwa kinamuuma. Nikashika hatamu, nikasema hapana. Daktari akasema ni mtikisiko wa ubongo. Mashindano yakapita. Siku mbili hakunisemesha, na jamani iliniuma. Lakini ubongo uliotikiswa ukipata pigo jingine kabla haujapona, madhara yake yanaweza kuwa makubwa mno.

Hata kama kwenu hakuna farasi, kuna mwembe, bodaboda na ngazi. Mtoto akigonga kichwa, kimbia hospitali ukiona: anatapika tena na tena, kichwa kinazidi kumuuma, anachanganyikiwa, haamki vizuri, anapata degedege, mboni za macho hazilingani, au maji au damu vinatoka puani au sikioni. Usisubiri asubuhi.

Sasa amesharuhusiwa, ameanza upya: kwa hatua, kama farasi mchanga.

Sehemu ya 4: mtoto akivunjika mkono, ufanye nini njiani. Maswali weka hapo chini, nitajibu nikitoka zamu.