Vitu vya Watu

Kariakoo huuzi nyumba, unauza kiwanja. Dalali wa kwanza aliyekuja kuiona nyumba ya Bibi hakuvuka hata kizingiti. Alihesabu hatua kutoka kona moja ya baraza hadi nyingine, akainua macho kutazama hewa iliyo juu ya bati, ile ambayo ghorofa lingeijaza, kisha akaandika namba kwenye simu yake. Kuta, milango na vyumba sita havikuwamo katika hesabu yake. Au tuseme vilikuwamo upande wa matumizi: pesa za kubomoa na za malori ya kubeba kifusi.

Nyumba yenyewe ni ile ya Kiswahili ambayo wengi wetu tumezaliwa ndani yake, au tumewahi kupanga chumba ndani yake. Baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, mlango wa nyuma unaotokea uani, na huko uani jiko, bafu, choo na stoo. Mtaa huu ulipata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi hapa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wenyeji walilifinyanga neno hilo mpaka likawa Kariakoo. Baadaye nyumba za aina ya yetu zikajaa mtaa kwa mtaa. Leo, upande wetu wa barabara, zimebaki mbili. Nyingine zote zimekuwa ghorofa zenye maduka chini.

Bibi alifariki mwaka 2022, Babu akiwa amemtangulia zamani. Aliacha watoto watano: Mjomba Mkubwa, Mjomba Mdogo, Mama Mkubwa, mama yangu na Mama Mdogo. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike moja, kwa hiyo nyumba iligawanyika mafungu saba hata kabla hatujajua bei yake. Mahakama ya Mwanzo ilimthibitisha Mjomba Mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi. Mimi nilifanywa katibu wa vikao. Mama yangu yu hai, kwa hiyo mimi sina fungu, na nadhani ndiyo sababu waliniamini na kalamu.

Kuuza kulikubaliwa siku ya kwanza. Ugomvi ulikuwa namna ya kuuza. Mjomba Mkubwa alitaka mnunuzi wa haraka, pesa taslimu, nyumba iende kama ilivyo na vyote vilivyomo. Ana umri wa miaka sabini na mbili na alisema wazi kwamba hataki fungu lake liliwe na foleni. Mjomba Mdogo alitaka ubia: tajiri abomoe, ajenge, sisi tupewe maduka mawili na fleti kadhaa. Mama Mkubwa alitaka tusubiri, kwa kuwa ardhi ya Kariakoo haijawahi kushuka bei. Mama yangu alikuwa akikubaliana na aliyezungumza mwisho.

Mama Mdogo hakusema kitu. Yeye ndiye aliyekuwa akiishi humo. Alimuuguza Bibi miaka sita, na kila alfajiri alikaanga vitumbua pale barazani kwa wateja wanaomjua kwa sauti.

Kikao cha pili kiliniagiza niandike orodha ya vitu vilivyomo. Ilionekana kazi ya mchana mmoja. Vyumba viwili vilikuwa havipitiki: makabati yaliyogeuziwa ukutani, magodoro ya sufi, redio zisizo na betri, masanduku ya bati yaliyopandana hadi darini, ndoo za risiti, cherehani mbili aina ya Singer, na stoo yenye masufuria makubwa kiasi cha mtoto kuogea. Mjomba Mdogo alipita mlangoni, akasema, "Makorokoro. Tafuta kirikuu, siku moja yameisha."

Nilianza na karatasi, na hizo zilijitetea zenyewe. Mkazi anapouza ardhi au jengo, serikali humtoza asilimia 10 ya faida, na faida huijui mpaka ujue gharama. Zile risiti za saruji, matofali na fundi bomba zilizokuwa zikingoja moto zilikuwa ushahidi wa pesa ambazo Bibi alizizamisha pale. Baada ya hapo hakuna aliyenihimiza kuchoma kitu.

Vitu vingine havikuwa na karatasi. Vilikuwa na Mama Mdogo. Aliketi kwenye kigoda mlangoni, mimi nikiinua kitu, yeye akinitajia mwenyewe. Kabati la kioo ni la mpangaji wa chumba cha tatu, aliyerudi Kilwa kumuuguza baba yake. Sanduku la kijani ni la kijana aliyepanda meli, akasema atalifuata. Vitabu ni vya mwalimu aliyehamishiwa Songea. Masufuria si ya mtu. Wanawake wa mtaa walichanga wakayanunua kwa ajili ya harusi na misiba, na Bibi alikuwa mtunzaji tu. Cherehani moja ilikuwa ya Bibi. Ya pili iliachwa mwaka 1983, wakati wa Nguvu Kazi, serikali ilipokuwa ikiwakamata watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi Dar es Salaam na kuwarudisha vijijini. Mwenye cherehani alikuwa fundi wa barazani, hakuwa na kitambulisho cha kazi. Kabla ya kuondoka alimwambia Bibi, "Nitunzie."

Orodha yangu ilifika vitu mia moja na arobaini. Vya Bibi mwenyewe vilikuwa thelathini na mmoja.

Niliisoma kikaoni. Mjomba Mkubwa alisema kitu kilichokaa miaka arobaini hakina mwenyewe. Tukamwita sheikh wa msikiti wa jirani, naye hakusema mengi. Mali ya marehemu hutoa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja, na kinachobaki ndicho cha warithi. Lakini amana haimo hata katika hiyo hesabu ya kwanza, maana haikuwa mali yake. Mrithi harithi alichowekeshwa marehemu. Anachorithi ni wajibu wa kukirudisha.

Nilimtazama Mjomba Mkubwa akikunja na kukunjua miwani. Mnunuzi wake alikuwa ametupa wiki mbili. Kupita hapo angekwenda kununua kiwanja cha mtaa wa pili, na hakuwa akitania.

Ubia nao tuliujadili kwa haki yake. Unavutia kwa kuwa haukutoi Kariakoo. Lakini mwenye kiwanja hutoka kwake leo na kupewa ahadi ya kesho, na kesho hiyo ina ghorofa zake. Tajiri akikwama kwenye ya tatu, mmekwama naye. Novemba 2024 jengo liliporomoka hapa hapa Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa mtaa wetu anayesikia neno "ghorofa" bila kuuliza nani anajenga na nani anakagua. Mjomba Mdogo mwenyewe aliuliza, hakupata jibu la kumridhisha, akaacha kuusemea. Kusubiri kwa Mama Mkubwa kulikuwa na tatizo la aina nyingine. Kila mrithi akifa, fungu lake huzaa mafungu. Miaka kumi ijayo saini tano zingekuwa ishirini, na baadhi ya wenye saini hizo wangekuwa hawajawahi kulala humo hata usiku mmoja.

Ndipo Mama Mdogo alipozungumza, kwa mara ya kwanza katika vikao vinne. Hakuomba aachiwe nyumba. Alisema, "Uzeni. Lakini mimi ndiye ninayejua kipi cha nani. Mkinitoa wa kwanza, hivi vyote vitakufa siku hiyo hiyo."

Tukaacha kubishania bei, tukaanza kubishania mpangilio. Nani anatoka lini, na nini kinatangulia. Niliandika masharti manne. Tunauza kiwanja, moja kwa moja, bila ubia. Makabidhiano ni miezi minne baada ya malipo ya awali. Malipo hayo ya awali yanamnunulia Mama Mdogo sehemu ya kuishi kabla hajafunga mzigo, na yanahesabiwa katika fungu lake. Pakipungua, ndugu wanaongeza, kila mmoja kwa kadiri ya mafungu yake. Na katika miezi hiyo minne kila amana inatafutiwa mwenyewe au watoto wake.

Mnunuzi wa wiki mbili aliondoka. Wa pili aliyakubali masharti, ila alitoa bei ya chini. Namba siiandiki, maana ndugu wanasoma, lakini tofauti ilitosha kumjengea mtu nyumba Chanika. Kila aliyesaini alijua anachokiacha. Mjomba Mkubwa alisaini wa mwisho, polepole, jina lake lote.

Masufuria yamehamia nyumba ya pili iliyobaki upande wetu wa barabara, na tayari yamepika msiba mmoja. Vitabu vilifuatwa na binti wa mwalimu, ambaye alisimama ukumbini akisoma mwandiko wa baba yake pembeni mwa kurasa mpaka chai yake ikapoa. Sanduku la kijani lilikuwa na mashati matatu na picha. Hatujampata baharia, wala mtu wa kwao.

Mama Mdogo sasa anaishi Magomeni, chumba, sebule na kibaraza. Wateja wake wa zamani wamebaki Kariakoo na wapya bado anawatafuta. Cherehani ya fundi wa mwaka 1983 imo sebuleni mwake, imefunikwa kanga. Wiki iliyopita jirani aliuliza kama inauzwa. Akamjibu kwamba ile si yake, imewekwa tu.